Boksi la Saba la Ulimboka

Majirani wa ghorofa ya tatu, katika jengo lile la matofali mekundu nyuma ya stesheni ya Peckham, hawamwiti Ulimboka Mwasomola kwa jina lake. Mama wa Kinaijeria anayeishi chini yake humwita Carpenter. Kijana wa ng'ambo ya korido humwita DJ, ingawa hajawahi kumwona akipiga muziki kwenye sherehe ya mtu. Wote wawili wamekosea. Ulimboka ni mtu wa kusukuma vitanda hospitalini, kazi aliyoishika miaka ishirini na miwili sasa, na mbao anazopandisha ngazini pamoja na mivumo inayopenya sakafu yake zina sababu moja tu, ambayo hakuwahi kumweleza jirani yeyote. Anataka kumsikia mama yake.

Kumsikia vizuri, maana vibaya amemsikia sana. Kaseti anayo, imekaa ndani ya bati la biskuti juu ya kabati la nguo, mbali na mvuke wa jikoni na mbali na sumaku za spika. Ililetwa Landani mwaka 1999 na mchungaji mmoja aliyekuja masomoni, ikiwa imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Enzi hizo mzazi asiyejua kuandika hakulazimika kumwita mtoto wa jirani amwandikie barua na kujua siri zake zote. Alikaa mbele ya redio kaseti, mtu akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, naye akasema mpaka akachoka. Mama yake Ulimboka alisema kwa dakika kumi na moja.

Dakika hizo zilikuja wakati mbaya. Miezi miwili kabla, binamu mmoja alikuwa amepiga simu kutoka Mbeya kusema kwamba mama ameonekana hospitali, tena amekonda. Ulimboka alikuwa na miaka thelathini na moja, anaosha vyombo hotelini, na karatasi zake za kuishi nchini zilikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji. Kuondoka aliweza. Kurudi Landani asingeweza. Alikuwa ameshaanza kuulizia tiketi kaseti ilipofika, na ndani yake mama akamwambia kwa Kinyakyusa: nasikia wamekutisha, mimi sijambo, usije, ngoja karatasi zako, shika kazi, utakuja siku ukiwa na kitu mkononi. Na katikati ya maneno alikuwa akicheka, kicheko kifupi kifupi cha mtu anayedharau umbea. Ulimboka akaachana na habari ya tiketi. Wiki saba baadaye simu ililia tena, na mama akazikwa Tukuyu mwanawe akiwa amesimama mbele ya sinki la vyombo.

Kilichomwezesha kuishi na jambo hilo ni kicheko kile. Alijiambia kwamba mama alikuwa mzima alipomkataza kuja, kwamba kifo kilimjia ghafla kama kinavyowajia wengi, na kwamba mtoto aliyemtii mzazi wake hana kosa. Lakini sauti yenyewe haikuwa ya mama. Huyu alikuwa mwanamke ambaye katika kwaya ya kanisa alikaa na wanaume, kwa sababu sauti yake ilikuwa nene kuliko ya mwalimu wa kwaya, na akimwita mtoto aliye bondeni, wa kijiji cha pili nao waliitika. Kwenye kaseti alikuwa na sauti nyembamba yenye haraka, kama msichana wa darasa la tano aliyetumwa dukani. Ulimboka aliilaumu redio yake ndogo. Akanunua kubwa zaidi, akailaumu na hiyo. Miaka ikaenda, na ile sauti ya kweli iliyokuwa kichwani mwake ikaanza kufutika. Akijaribu kuikumbuka, anayeitika ni yule msichana wa kwenye kaseti. Hilo lilimwuma kuliko msiba wenyewe, kwa sababu msiba ulimpokonya mama mara moja, na hili lilikuwa likimpokonya kila siku kidogo kidogo.

Halafu siku moja Angel, mwanawe, wakati huo ana miaka kumi, alimkuta akisikiliza. Angel kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na Kinyakyusa hajui hata salamu. Alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akacheka.

"Dad, she sounds like a cartoon."

Hakuwa na ubaya, mtoto wa watu. Ulimboka hakumgombeza. Alizima, akaenda jikoni, akang'oa milango ya kabati la juu, akaanza kuipima kwa rula.

Boksi la kwanza lilitoka kwenye milango hiyo na spika mbili za gari bovu. Hakujua kitu. Alidhani boksi ni nguo tu ya kuisitiri spika, kumbe boksi ni nusu ya spika yenyewe, maana hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayoizuia ile koni ya karatasi isirukeruke ovyo. Lake lilivuja kila kona na besi yote ikatokea kwenye nyufa. La pili alilitengeneza kwa kabati la nguo lililotupwa chini ya ngazi, akaziba kila ufa kwa gundi, akalishindilia pamba ya mito minne. Likasikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Akatoa mto mmoja, akasikiliza. Akatoa wa pili, akasikiliza. Wiki nzima walilala bila mito mpaka mkewe akauliza kama na magodoro yana zamu yake.

Hapo ndipo alipojiwekea utaratibu ambao hajauacha hadi leo. Boksi likikamilika, kwanza hupiga rumba, apate kusikia gitaa la besi. Kisha humsikiliza mwanamume anayesoma habari redioni, kwa sababu sauti ya binadamu kila sikio linaijua. Mwisho humweka mama, dakika moja tu, maana utepe huchakaa kwa kuchezwa. Halafu huandika kwenye daftari la shule. Rumba: nzuri. Mwanamume: mzuri. Mama: bado.

La tatu alilitoboa na kulipachika bomba, kwani alisoma mahali kwamba boksi likiwekewa bomba la urefu unaofaa hupumua, na besi hushuka chini zaidi. Urefu unaofaa ni upi, hapo ndipo penye kazi. Alinunua bomba la maji machafu, akakata upana wa kidole, akasikiliza, akakata tena, mpaka siku alipozidisha upana wa kidole kimoja na sauti ikakauka. Bomba likishakatwa halirefuki. Alinunua mengine mawili, moja likiingia ndani ya jenzake, akawa anavuta na kusukuma huku ametega sikio, na kwa njia hiyo akapata besi ambayo hakuwahi kuipata. Mama: bado. La nne alilimwaga kwa saruji, kwa kuwa mbao hutetemeka na kuongeza maneno yao. Liligoma kutetemeka, ni kweli, na liligoma pia kuinuliwa. Wenye nyumba walimwandikia barua juu ya uzito, na siku ya kuliteremsha walihitajika wanaume wanne na maneno mengi yasiyofaa kanisani.

La tano lilikuwa vyungu viwili vikubwa vya maua. Alikuwa amekumbuka jinsi watu wa nyumbani walivyolaza spika tupu mdomoni mwa chungu na mtaa mzima ukacheza. Vyungu vilimfurahisha kuliko yote. Gitaa lilipiga mpaka mama wa Kinaijeria akapanda ngazi, si kugombana, bali kuuliza jina la wimbo. Ulimboka akasema moyoni, leo ndiyo leo, akafungua bati la biskuti. Msichana wa darasa la tano akamsalimu kutoka vyunguni. Usiku ule hakula.

Baada ya la tano mkewe alihamia Croydon. Hawakurushiana maneno. Alisema tu kwamba nyumba ile ni ndogo mno kwa wake wawili, na yule wa mbao ndiye anayelala sebuleni. Angel akawa anakuja Jumamosi, akawa mkubwa, akaanza kazi ya ofisini huko katikati ya jiji, na kila akija hukuta boksi moja limevunjwa na lingine limechorwa ukutani kwa penseli. Hakucheka tena. Siku moja alimwambia baba yake kwa upole, "Dad, maybe it's just the tape." Ulimboka alimjibu kwamba utepe ni mzima kabisa. Alikuwa anaweza kuamini kosa lolote la mikono yake, kwa sababu mikono inarekebishika. Kosa la utepe lingekuwa na maana kwamba mama amekwenda moja kwa moja.

Alipokuwa kwenye la sita alihitaji koni kubwa za karatasi za aina ya zamani, na tangazo la mtandaoni likampeleka Rayners Lane, treni mbili na basi moja, kwa mzee mmoja mwenye banda nyuma ya nyumba. Banda lilijaa maredio toka chini mpaka juu. Mzee alimpokea kwa Kiingereza, akamsikiliza sentensi mbili, akauliza kwa Kiswahili safi, "Wewe mtu wa wapi?"

"Tanzania."

"Tanzania ni kubwa, bwana. Wapi?"

"Tukuyu."

Mzee akakaa juu ya kreti. Jina lake Kailash, na baba yake alikuwa na duka la redio Mbeya mjini, karibu na soko, ambalo Kailash alilirithi na kulifunga mwaka 1985. Mkewe, Jaya, alileta chai ya maziwa bila kuulizwa kama mgeni anataka. Tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kupigiana simu. Kailash ndiye aliyemwonyesha namna ya kuzungusha waya wa shaba ili sauti nene ziende kwenye koni kubwa na nyembamba ziende kwenye ndogo, na ndiye aliyemwambia aweke vipande vya mbao ndani ya boksi, ubavu kwa ubavu, lisivimbe likiimba. Alijua kwamba kuna kaseti ya mama. Hakuwahi kuisikia, kwa sababu Ulimboka alimwonea haya. Mtu hupenda kumtambulisha mama yake akiwa amevaa vizuri.

Boksi la saba lilimchukua mwaka na nusu. Yalikuwa mawili pacha, ya plaiwudi nzito isiyo na mashimo, marefu hadi kifuani kwa mtu, yamepigwa msasa mpaka ukipitisha kiganja huoni pa kukwama. Yalipokauka gundi alimpigia Kailash. Mzee akaja Jumamosi mchana, amevaa tai, kama anayekwenda kuposa.

Rumba ilipigwa. Kailash alifumba macho na vidole vyake vikawa vinatembea juu ya goti. Mwanamume wa redioni alisoma habari, na ungesema amekaa kwenye kochi pale pale. "Mwasomola," Kailash akasema, "hizi ukiwapelekea watu wa dukani watalia. Haya, niwekee mama."

Ulimboka akamweka. Alikuwa akitazama uso wa mzee, si spika. Aliuona ukikunjana.

"Simamisha. Huyo ni nani?"

"Huyo ndiye mama."

"Najua mama. Huyo anayewika nyuma yake."

"Jogoo. Nyumbani kulikuwa na jogoo."

"Jogoo gani huyo, bwana? Huyo ni kifaranga aliyemeza filimbi." Kailash aliinuka, akasogea karibu na deki ya kaseti. "Nyumbani kwenu kulikuwa na umeme?"

"Umeme utoke wapi, Mzee. Betri."

"Betri mpya?"

Ulimboka hakujua. Kailash akashika kiuno. "Mimi niliuza betri hizo tangu nina ndevu tatu. Mtu anarudi dukani amekasirika, ananiambia, Bwana Kailash, redio yako imemgeuza bibi harusi kuwa panya. Namwuliza, betri ulitia lini? Krismasi. Na harusi ilikuwa Pasaka. Betri ikichoka, mota inauvuta utepe polepole. Maneno mengi yanabanwa kwenye utepe mfupi. Halafu wewe unakuja kuucheza hapa kwa umeme wa Waingereza, mota ina nguvu zote, unakimbia kuliko ulivyorekodiwa, na sauti inapanda juu. Hata ukijenga boksi kubwa kama kanisa halitaishusha."

Ulimboka alikaa chini. Miaka kumi na minne ya maboksi. Alihisi aibu kwanza, kisha hasira, na hasira haikupata pa kwenda kwa sababu aliyekosea ni yeye. Kuuliza si ujinga, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumwuliza chochote mtu aliyekuwapo siku ile. Adelina, mdogo wake, ndiye aliyebaki na mama. Wanazungumza kila Jumapili, mahindi, shule, mvua, bei ya bati, na miezi ile ya mwisho ya mama wote wawili huizunguka kama watu wanaozunguka shimo. Sasa alichukua simu na kumpigia, akaiweka wazi ili Kailash asikie.

"Adelina, habari za huko. Nina swali la ajabu. Ile kaseti ya mama, betri zilikuwa mpya?"

Adelina alicheka. "Mpya? Kaka, zilikuwa zimekwisha kabisa. Nilizianika juu ya bati siku mbili, zikagoma. Nikaziuma kwa meno, moja moja, ndipo redio ikakubali."

Kailash akapiga goti lake kwa furaha ya fundi aliyepatia.

"Na yule mtoto uliyemweka abonyeze redio alikuwa nani?" Ulimboka akauliza.

"Mtoto gani?"

"Wa mwanzoni kabisa. Anasema, mama, sema, imewaka. Siku zote nadhani ni mmoja wa watoto wa jirani."

"Hapakuwa na mtoto, kaka. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Aliyesema hivyo ni mimi."

Adelina mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke mzima. Ulimboka huzungumza na sauti hiyo kila wiki, na kwenye kaseti alikuwa ameisikia mara mia bila kuitambua. Akamweleza dada yake alichosema Mzee Kailash, kwamba kasi inaweza kurekebishwa, kwamba mama atashuka mpaka mahali pake.

"Iache ilivyo," Adelina akasema. "Umeshaizoea."

"Kwa nini niiache?"

"Basi tu. Mama aliridhika na ilivyotoka."

Alisema ana mboga jikoni, akakata simu. Kailash alieleza kwamba anahitaji bisibisi yake ndogo ya saa na mchana mzima wenye mwanga, kwa hiyo wakapatana Jumamosi inayofuata. Wiki ile Ulimboka alisukuma vitanda kwenye korido ndefu za hospitali akiwa hayupo. Alimpeleka mzee mmoja kupigwa picha ya kifua, akampitisha mlango, ndipo akakumbuka kwamba hakumsalimu. Alikuwa anajaribu kuikisia sauti kabla haijaja, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege na ana wasiwasi kwamba hatamjua. Alhamisi Adelina akamtumia ujumbe mfupi: Kaka usiifungue. Aliusoma mara mbili kantini. Mtu mwenye kiu hana muda wa kuuliza kwa nini anazuiwa kisima. Hakuujibu.

Jumamosi ilipofika Angel naye alikuja, kwa kuwa baba yake alimwomba, na haikuwa kawaida yake kuomba. Alikaa kwenye kochi, miguu ameikunja chini yake. Kailash aliifungua deki mgongoni, akaonyesha kitundu kwenye mota, si kikubwa kuliko tundu la sindano ya magunia, na ndani yake skrubu ndogo ya shaba. "Kulia inakimbia, kushoto inatulia," akasema. "Anza na dada. Dada unamjua."

Wakaanza na Adelina. Mama, sema, imewaka. Kailash akageuza unywele mmoja kushoto. Wakarudisha. Mama, sema, imewaka. Mtoto alikua kidogo. Wakarudisha, wakageuza, wakarudisha. Mara ya sita au ya saba Ulimboka aliinua mkono.

"Huyo. Huyo ni Adelina."

Kailash akauachia utepe uende, na mama akamsalimu. Ugonile, mwanangu. Umelalaje.

Sauti ilitoka chini kabisa, nene, pana, ikajaza chumba mpaka pembeni, na yale maboksi ya saba, yaliyojengwa kwa ajili ya sauti ambayo hayakuwahi kupewa, yaliibeba bila shida yoyote. Angel alishusha miguu sakafuni.

"Is that her? Is that Bibi?"

"Ndiye," Ulimboka akasema. "Ndiye mama huyo." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Aliikumbuka yote kwa mara moja, sauti ikisema njoo ule, ikisema nani kavunja kibuyu, ikiimba ubeti wa wanaume Jumapili, na akashangaa aliwezaje kuipoteza. Jogoo akawika, jogoo kamili. Kailash, ambaye hajui neno la Kinyakyusa, alitabasamu bila kuinua macho. Kidole chake kilibaki kwenye bisibisi, kwa kuwa betri zile zilizidi kufa mama akiendelea kusema, na kila baada ya nusu dakika ilimbidi amfuate kwa unywele mwingine.

Mimi sijambo, mama akasema, na kikaja kicheko.

Lakini hakikuwa kicheko. Kilikuwa kimerefuka, kimepata mwanzo na mwisho, na Ulimboka alikijua. Kinaingia kwa mkoromo, kinasimama, kinatoka kama mtu anayepuliza jivu. Ni pumzi ya watu wanaolala wameketi, wanaowekewa mito mitatu mgongoni, ambao ukiwasukuma huinamisha vichwa mbele na hukuambia usiende haraka. Alikuwa amemsukuma mmoja Jumanne iliyopita. Wauguzi huwa hawamwambii mtu kama yeye chochote, na hana haja ya kuambiwa. Baada ya miaka ishirini na miwili anaisikia pumzi mlangoni na anajua kitanda hicho kitakuwa wazi lini.

Wamekutisha bure, mama akasema. Pumzi. Usije. Pumzi mbili. Ngoja karatasi zako. Maneno yale aliyajua kwa moyo, neno kwa neno, na hakuwahi kujua kwamba kila moja lilipandishwa mlima peke yake. Alisikia mahali ambapo mama alikusanya nguvu kwa ajili ya neno refu. Alisikia kiti kikilia alipojishikilia. Wiki saba, akawaza. Hata mimi ningesema saba.

Angel alikuwa akimtazama baba yake sasa, si spika. Kailash aligeuza bisibisi mara ya mwisho, mpaka mwisho wa nafasi yake. Pale ambapo mama huaga na kaseti huingia kwenye mlio mkali, mlio ambao Ulimboka aliudhani siku zote ni utepe unaojikunja na akawa anaukata kabla haujamuumiza masikio, pakatoka maneno. Hayakuelekezwa kwake. Mama alikuwa amegeuza uso upande, kwa mtu aliyekaa karibu naye.

"Zima, Adelina," alisema. "Zima, asije akasikia ninavyohema."

Kisha kikasikika kitufe, na baada yake utepe mtupu.

Kailash aliegemea nyuma, akajifuta kipaji cha uso kwa ncha ya tai. "Sasa mama ametulia," akasema. "Sauti kama hiyo, bwana. Unastahili."

Ulimboka alikuwa na miaka thelathini na moja, ameshika simu ya tiketi mkononi, na alikuwa na miaka hamsini na saba, na kati ya watu hao wawili hapakuwa tena na kicheko cha kuwatenganisha. Alitamani kwenda nyumbani kwa namna ambayo hakuna ndege inayopeleka.

"Dad," Angel akasema. "What did she say? At the end."

"Kasema tuzime."

Kailash, mtu wa adabu, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha deki. Ulimboka aliuwahi mkono wake na kuushika, bila nguvu, kama anavyoishika mikono ya wagonjwa.

"Hapana, Mzee," akasema. "Huyu mama nilishamtii mara moja. Rudisha mwanzo."